Wageni Waliooga Maji ya Siku Mbili

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii kila mtu anaijua, lakini si kila mtu anaielewa kwa namna moja. Watoto huielewa kwa tumbo: mgeni akibisha hodi jogoo hufa, na jogoo akifa hata mtoto asiyestahili hupata kishingo. Wazee huichimba zaidi. Wao husema mgeni huja na mguu wake, na mguu huo huweza kukanyaga heri ambayo mwenyeji ameiruka kila siku bila kuiona. Edina hakuwa upande wa watoto wala wa wazee. Yeye alijua jambo moja tu: mgeni hulala bure na kula bure. Jambo hilo lilimtosha.

Edina alikuwa karani wa masjala katika ofisi moja ya serikali jijini Dodoma. Alikuwa mzaliwa wa Bukoba, mrefu kama mgomba, na mdomo wake haukuwa na breki. Mshahara wake uliingia kama mgeni na kuondoka kama mwizi, hivyo utalii wa kupanda magari ya kifahari na kulala hotelini aliuona kwenye simu za watu. Lakini penye nia pana njia. Yeye na Hilda, mwenzake wa meza moja, walibuni utalii wao. Kila Jumamosi alfajiri walisimama barabarani na kuomba lifti, popote lori litakapowafikisha. Walilala kwa wenyeji, hasa wazazi wa marafiki zao, na mkononi walibeba sukari kilo mbili na sabuni mche mmoja, maana mkono mtupu haulambwi. Kwa njia hiyo walikuwa wamekwisha kulala Bahi kwa mvuvi mmoja wa kambare, mcheshi, na Chamwino kwa mwalimu mstaafu aliyewasahihisha Kiswahili usiku kucha.

Safari hii walikuwa wanakwenda kwa wazazi wa Ikram, mwanachuo waliyepanga naye foleni ya chipsi kila jioni. Ikram alikuwa amewaambia, "Nyumbani kwetu ni juu, vilima vya Kondoa. Mtafurahi. Ila maji ni shida kidogo."

"Shida kidogo ndiyo nini?" Edina aliuliza.

"Kidogo," alisema Ikram, akabadilisha mada. Mtu hapendi kuianika nyumba ya baba yake.

Msalato, walikosimama kuomba lifti, hawakukaa sana. Lori lililobeba saruji lilisimama, na dereva akachungulia.

"Mabinti, harusini au msibani?"

"Tunakwenda kuona," Edina akamjibu.

"Kuona nini?"

"Tukikiona tutakwambia, kaka. Wewe endesha."

Dereva akacheka mpaka akasahau kuwauliza nauli. Lori likakata mbuga kuelekea kaskazini. Kwanza nchi ilikuwa tambarare kama mkeka, miiba na vichuguu kila upande. Kisha, bila kuaga, ardhi ikaanza kuinuka. Vilima vikajipanga kimoja nyuma ya kingine, na kati yake yakatokea makorongo mekundu, marefu, yaliyochimbwa na mvua za miaka na mikaka. Yalikuwa mekundu kama kidonda kibichi, na chini kabisa palikuwa na mchanga mweupe uliokuwa mto. Edina aliinua shingo kutazama.

"Hilda," alisema, "mto ule umekwenda wapi?"

"Umekwenda likizo," alisema Hilda.

Jioni, baada ya lori na bodaboda na mwendo wa miguu uliowatoa jasho la kukamulia, walifika. Nyumba ya Yahaya, babake Ikram, ilikuwa mgongoni mwa kilima. Ilikuwa ya matofali, paa la bati, na uani palikuwa na pipa moja la bluu lililofunikwa kwa heshima kama sanduku la mahari.

"Hodi hapa!"

"Karibuni, karibuni wageni wa Ikram!" Zaitun, mke wa Yahaya, alitoka mbio akiwa bado na kanga ya jikoni. Shikamoo zikapigwa, marahaba zikaitikiwa, mizigo ikapokewa. Yahaya alikuwa mtu mwembamba, mkimya, mwenye vumbi jeupe mpaka kwenye nyusi. Mama yake, Bibi Mwanahawa, alikaa mlangoni juu ya kigoda, akiwakagua wageni kama mtu anayenunua mbuzi.

"Huyu mrefu amelishwa nini?"

"Ndizi, Bibi."

"Inaonekana. Umebaki mgomba mtupu."

Katika nyumba ile, mgeni hakupewa chakula wala maneno kabla hajapewa maji ya kuoga. Ndivyo babake Yahaya alivyowaachia, na ndivyo walivyofanya. Zaitun akapeleka ndoo mbili zilizojaa pomoni kwenye bafu la mabua ya mtama nyuma ya nyumba. Hilda alitangulia, akaoga kwa adabu. Kisha akaingia Edina.

Ni lazima tumwelewe Edina. Kwao Bukoba mvua hainyimi mtu, na ziwa liko pale, halina kufuli. Alijimwagia maji kama mtu anayezima moto. Akaimba nyimbo tatu. Akaosha nywele, akazisuuza, akaziosha tena kwa kuwa vumbi la saruji lilikuwa limeamua kujenga humo. Ndoo ilipokwisha, akapaza sauti:

"Mama! Kuna mengine kidogo?"

Nje, Zaitun alilitazama pipa.

"Yapo, mwanangu," alisema Zaitun. Mfuniko wa pipa ukalia, kata ikakwangua chini, na ndoo ya tatu ikaja.

Edina alipotoka anang'aa kama shilingi mpya, Bibi Mwanahawa alimtazama kwa muda mrefu.

"Mjukuu wangu, umeoga au umebatizwa?"

Watu wote wakavunjika mbavu, Edina akiwa wa kwanza. Jogoo akaliwa, kwa ugali wa uwele na mlenda ulioteleza kooni bila kuomba ruhusa. Edina akalala usingizi wa pono, akijisifu moyoni kwamba hakuna mtalii duniani anayefaidi kama yeye.

Kulipopambazuka alisikia sauti uani. Hakuwa na nia ya kudukua, lakini dirisha lilikuwa halina kioo na masikio hayana mlango.

"Nikienda mtoni, nani atashika kamba?" Zaitun alikuwa akinong'ona. "Leo ndiyo leo, Baba Ikram. Adhuhuri fundi anaondoka na vitu vyake."

"Tone halipo?"

"Pipa nimelilaza, nikalikung'uta. Yalikuwa ya leo na kesho. Wewe unajua mtoni kwenda na kurudi ni mwendo wa saa sita."

"Mgeni hanyimwi maji, Mama Ikram."

"Nimesema anyimwe? Nilimpa kwa mkono wangu, na leo ningempa tena. Nauliza tu, nani atashika kamba?"

Edina akaketi kitandani. Maji aliyokuwa akiyaimbia jana yalikuwa ya kupikia, ya kunywa, ya mbuzi na ya udhu wa Bibi, siku mbili nzima. Laiti ardhi ingepasuka, angeingia bila kuaga.

Alimwamsha Hilda, wakatoka. Zaitun alikuwa akiwafunga punda wawili madumu, uso wake mtulivu kama hakuna kilichotokea.

"Mama, shikamoo. Kamba gani hiyo?"

Zaitun akamtazama mumewe. Yahaya akakuna kichwa. Aliyejibu ni Bibi Mwanahawa, kutoka kigodani pake.

"Waonyesheni. Wamekuja kuona, waone."

Nyuma ya zizi la mbuzi palikuwa na kifusi cha mawe kikubwa kuliko nyumba. Mbele ya kifusi palikuwa na nguzo tatu zilizofungwa pamoja juu, kapi likining'inia katikati, lile gurudumu la kupitishia kamba, na chini ya kapi, shimo. Edina alisogea akachungulia. Akashika nguzo kwa mikono miwili. Shimo lilikuwa la mviringo, limenyooka kama limepigwa kwa rula, na liliendelea kushuka mpaka macho yakachoka kabla yake. Kuta zake zilikuwa nyekundu, kisha za njano, kisha mwamba wa kijivu, na kila shibiri ilikuwa na alama ya tindo.

"Nani alichimba hili?" aliuliza, sauti yake ikashuka yenyewe kama yuko kanisani.

"Mimi," alisema Yahaya.

"Wewe na nani?"

"Mimi."

Pima kumi na mbili kwenda chini. Miaka miwili. Watu wa kitongoji walikwisha kumbandika jina la Panya Buku, na yeye akaendelea kuchimba. Kapi na kamba vilikuwa vya Masudi, fundi wa visima, aliyemsaidia kuvuta ndoo kwa miezi mitatu. Lakini Masudi alikuwa amepata kazi ya kiangazi chote kwingine, na leo adhuhuri ndipo angechukuliwa yeye na vitu vyake. Yahaya naye alikuwa amemwahidi mkewe kwamba kapi likiondoka bila maji, wangefunga nyumba na kuhamia Bahi kwa shemeji zake. Bibi Mwanahawa alikuwa amesema waende salama, wamwache na kaburi la mumewe. Hakuna aliyejua kama alitania.

Hapo Masudi mwenyewe akafika, mtu wa miraba minne, kofia ya kiua kichwani na mswaki mdomoni. Aliposikia kwamba Zaitun anakwenda mtoni alitoa mswaki.

"Basi tufungue kapi mapema. Kamba ya kushusha mtu ni ya watu wawili. Mimi peke yangu sishushi mtu. Sina hamu ya kusalimiana na polisi."

"Niko mimi," alisema Edina.

Masudi alimpima kwa macho toka kisigino mpaka utosini, safari ndefu kidogo.

"Huyu ni nani?"

"Karani wa serikali," Bibi akasema. "Ndiye aliyebatizwa jana."

"Dada, hapa hakuna muhuri wa kugonga. Kamba inachuna."

"Ichune. Na mwenzangu huyu yupo, tutapokezana. Fundi, mimi nimemaliza maji ya watu. Usiponiruhusu nivute kamba, nitajifunga madumu niende na punda, na hao punda wawili watanicheka njia nzima."

Masudi alitaka kukasirika akashindwa. "Haya. Lakini ukiachia kamba sitakusamehe, na Ikram hatakuwa na baba wa kukusamehe."

Mzaha ukafia pale. Zaitun aliwatazama wageni wake, akafungua kanga ya pili kiunoni, akampa Edina azungushie viganja. Akawaswaga punda, akateremka.

Masudi aliwafundisha haraka. Kwanza alishusha taa ya chemli ikiwaka, wakaingoja. Taa ikizimika chini, hewa ni mbaya, mtu hashuki. Taa ilishuka, ikawa kama embe, ikawa kama punje, na ikabaki punje, ikiwaka. Kisha Yahaya akakaa kwenye kigogo kilichofungwa kambani, akasema bismillahi, akazama. Kamba ikivutwa mara moja chini, simama. Mara mbili, vuta ndoo. Mara tatu, vuta mtu.

Wakaanza. Ndoo ya kwanza Edina aliiona nyepesi, akatia utani. Ya tano utani ukapungua. Ya kumi akawa hana hata salamu. Mikono iliyozoea mafaili ikatoka malengelenge, malengelenge yakapasuka, na kanga ya Zaitun ikaanza kubadilika rangi. Hilda akampokea, kisha yeye akampokea Hilda, na Masudi akabaki mahali pake kama nguzo ya nne. Kutoka chini ilipanda sauti ya nyundo, ndogo, ya mbali, haikomi. Ko. Ko. Ko. Edina alipopumzika alilala kifudifudi kwenye ukingo na kuisikiliza. Chini ya miguu ya mbuzi, chini ya mizizi, palikuwa na mtu mmoja akigonga mlango wa dunia, na dunia haijaitika kwa miaka miwili, naye anagonga.

"Bibi," aliuliza, "mwanao hajawahi kukata tamaa?"

"Amekata mara nyingi. Huwa inaota tena, kama ndevu."

Saa nne Masudi alihesabu alama alizochora chini, akaguna. "Mimi na mama mwenye nyumba huvuta ndoo thelathini mpaka adhuhuri, kwa sababu ya kupumzika. Tumeshazipita." Alimtazama Edina upya, kama mtu aliyesoma barua vibaya na sasa anairudia. "Kwenu wanakula ndizi gani?"

Jua lilipanda mpaka vivuli vikaingia chini ya vitu vyenyewe. Ndoo zikawa za mawe matupu, makavu kama biskuti. Kisha, mbali barabarani, ukasikika mlio. Guta la matairi matatu lilikuwa linapanda kilima kumchukua Masudi. Lilifika, dereva akapiga honi.

"Fundi! Kule wanakungoja!"

Masudi akavuta kamba mara moja, akainama shimoni. "Yahaya! Muda umeisha, ndugu yangu! Panda!"

Nyundo ikanyamaza. Wote wakangoja kamba itikisike mara tatu. Badala yake ikapanda sauti, imechakaa kwa mwangwi:

"Mwamba umebadilika mlio!"

"Unasema?"

"Unalia mtupu! Kama ngoma! Niacheni kidogo!"

Dereva akapiga honi tena. Masudi alisimama katikati ya honi na shimo. Edina alikuwa ameshika kamba. Alimtazama tu. Hilda naye alimtazama. Bibi Mwanahawa hakumtazama. Aliangalia vidole vyake mwenyewe vikipukuchua tasbihi. Kazi ya kiangazi chote ilikuwa inamngoja Masudi, na watu wenye kazi hawangoji.

"Zima pikipiki yako," Masudi alimwambia dereva. "Kapi halifunguliwi mtu akiwa chini. Hata mtoto anajua."

"Basi mtoe!"

"Ametaka kutoka?"

Dereva akazima. Walisikika mbuzi tu wakitafuna. Ko, ikalia chini. Ko. Kisha sauti nzito, ya mtaimbo, mara moja, mara mbili, mara tatu. Kisha kitu kikapasuka, si kwa kishindo, ila kama mtu mzima anayeshusha pumzi baada ya kubeba mzigo mrefu. Na baada ya hapo, ikapanda sauti ambayo Edina aliijua tangu utotoni, aliyoisikia kila asubuhi ya maisha yake bila kuisikiliza.

Kamba ikatikisika. Mara tatu. Kisha tatu nyingine, kwa fujo.

"Vuta mtu!" Masudi akapiga kelele. Edina akavuta, Hilda akavuta, dereva wa guta akaruka akavuta. Kapi lililia kama mtoto. Kichwa cha Yahaya kikatokea, cheupe kwa vumbi. Mabega, meupe. Kifua, cheupe. Kutoka kiunoni kwenda chini alikuwa mweusi, amelowa, anachuruzika. Walimweka ukingoni. Akanyoosha kidole shimoni.

Bibi Mwanahawa aliinuka kigodani. Alitembea taratibu mpaka kwenye kifusi, akachagua jiwe dogo, akaja akaliachia.

Waliliangalia likipotea. Walingoja.

*Chubwi.*

Hakuna aliyepiga kigelegele. Kuna furaha ambayo ni kubwa kuliko koo. Dereva wa guta alivua kofia. Masudi alikaa chini, akawa anasema "Subhanallah, subhanallah," polepole. Edina alichungulia. Kule ambako asubuhi palikuwa na giza, sasa palikuwa na duara dogo la mwanga, na ndani ya duara lile mbingu ilikuwa ikitikisika. Alisimama pale, mtoto wa ziwa kubwa lisiloonekana ng'ambo, na akatetemeka kwa kisima cha upana wa pazia.

Habari hazina miguu lakini hukimbia. Kufumba na kufumbua majirani walikuwa wamejaa uani, wanaume kwa wanawake. Wale waliosema Panya Buku walichungulia mmoja mmoja, wakasogea kando bila kuinua macho.

Ndipo Zaitun alipotokea njiani, vumbi mpaka magotini, punda wawili mbele yake na madumu yamejaa. Aliona watu wamejaa nyumbani kwake, wamenyamaza. Fimbo ikamtoka mkononi.

"Nani amekufa?" Akaanza kukimbia. "Baba Ikram! Yuko wapi Baba Ikram? Kamba ilikatika?"

Watu wakampisha. Yahaya akatoka kati yao, nguo zinamganda mwilini. Alimshika mkono akampeleka ukingoni, akamwonyesha chini.

Zaitun alitazama. Katika lile duara la mbingu kulikuwa na kichwa cha mwanamke aliyejifunga mtandio, kinamtazama. Alipoinua mkono, yule naye akainua.

"Ni maji ya nani haya?" aliuliza, kama mtu aliyezoea kuomba.

"Yako," alisema Yahaya.

Zaitun akakaa chini, pale pale juu ya mawe. Alikuwa ameishi kwenye kilima kile miaka ishirini na mmoja, na kila siku ya tatu alikuwa ameteremka na kupanda. Alilia kidogo, akacheka kidogo, kisha akageuka akawatazama wale punda waliosimama na mzigo, masikio chini.

"Jamani," aliwaambia, "nanyi mmestaafu."

Hapo ndipo vigelegele vilipopasuka, vikapanda kilima na kushuka upande wa pili. Bibi Mwanahawa alimfuata Edina, akaifungua ile kanga viganjani mwake taratibu, akaviangalia vidonda kwa muda mrefu.

"Usinione vibaya, Bibi," Edina akasema. "Mimi ndiye niliyemaliza maji yenu."

"Usingeyamaliza, ungelala mpaka saa tatu, ukanywa chai, ukatazama kilima, ukaondoka. Mkwe wangu angeshika kamba, wangevuta ndoo zao thelathini, na guta lingeondoka na kapi." Bibi akavikunja vidole vya Edina kimoja kimoja, kama anayemfungia kitu kiganjani asikipoteze. "Tulikupa ndoo mbili tukidhani tunakukirimu wewe, kumbe Mola alikuwa anatukirimu sisi. Waliosema hawakukosea, mjukuu wangu: mgeni njoo, mwenyeji apone."